Diski ipo, gemu haipo: uchambuzi wa kisa cha The Crew

Chukua diski halali ya The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, ya PS4, safi, haina hata mkwaruzo, uitumbukize kwenye mashine leo. Itasomwa. Mafaili yatanakiliwa kwenye hifadhi ya ndani kama gemu nyingine yoyote, nembo ya Ubisoft itapita, utabonyeza kitufe cha kuanza, halafu mashine itaanza kuitafuta seva, yaani kompyuta ya Ubisoft iliyo mtandaoni. Itatafuta, itakosa, itakurudisha ulipokuwa. Gereji huioni, gari huligusi. Diski haina kosa, PS4 haina kosa, bando lako lipo. Gemu ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na aliyeizima ndiye aliyeiuza.

Miaka nenda miaka rudi ubishi wa wapenzi wa gemu ni ule ule: wa diski wanawaambia wa kupakua "nyie mmekodi tu", na wa kupakua wanawajibu wenzao kwamba wanafuga vumbi kabatini. Kisa cha The Crew kinaziumbua pande zote mbili. Msimamo wangu nautoa mapema: cha kuuliza kabla ya kutoa hela ni kama gemu inawaka bila kumwomba mtu ruhusa. Kama inaomba, diski hiyo ni ufunguo wa nyumba ambayo mwenye kiwanja anaweza kuibomoa siku yoyote atakayo.

Gemu yenyewe

The Crew ilitoka tarehe 2 Desemba 2014. Iliundwa na Ivory Tower, studio ya Lyon, Ufaransa, ikisaidiwa na Ubisoft Reflections ya Uingereza. Sifa yake kubwa ilikuwa ramani: Marekani ya bara yote, imefinywa lakini imeunganishwa, kiasi kwamba ungeweza kuondoka Miami na kuendesha mpaka Los Angeles bila kukutana na skrini ya kusubiri, safari ya karibu saa nzima kama unafuata barabara na hufukuzani na polisi. Ndani ya ramani hiyo kulikuwa na hadithi. Unaanzia Detroit ukiwa Alex Taylor, unajipenyeza kwenye genge liitwalo 5-10, unatafuta waliohusika na kifo cha kaka yako. Hadithi hiyo mtu aliweza kuicheza peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho.

Peke yake, ila mtandaoni. Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Hata kama hukutaka kukutana na binadamu mwingine barabarani, gemu ilidai muunganisho na seva za Ubisoft muda wote. Magari uliyoyanunua, pesa zako za ndani ya gemu na hatua uliyofikia, vyote viliwekwa huko. Kwenye diski kulikuwa na barabara, majengo, sauti za injini na sura za magari. Daftari lenye jina lako lilikuwa kwa mwenye duka.

Wachezaji hawakuwa haba. Septemba 2016 Ubisoft iligawa toleo la PC bure ilipotimiza miaka 30, na kampuni yenyewe ilitaja wachezaji zaidi ya milioni 12 kwa jumla. Ninalitaja hilo kwa sababu wapo wanaodhani zimezimwa takataka zisizochezwa na mtu.

Jinsi ilivyozimwa

Tarehe 14 Desemba 2023 gemu iliondolewa madukani na tangazo likatoka: seva zingefungwa tarehe 31 Machi 2024. Sababu zilizotolewa ni mbili, miundombinu ya seva na mipaka ya leseni. Walionunua karibuni waliambiwa wanaweza kuomba kurudishiwa hela. Aliyenunua 2014, akanunua na nyongeza ya Wild Run mwaka uliofuata, hakuwa na lake.

Aprili 2024 likaja la pili, na kwangu mimi hili ndilo lililowasha moto. Wenye toleo la PC walifungua akaunti zao za Ubisoft Connect wakakuta The Crew imehamishiwa kwenye kundi la gemu zisizotumika, na ujumbe kwamba hawana tena ruhusa nayo, waangalie dukani kuna nini kingine. Kuzima seva ni jambo moja. Kufuta haki ya mtu ya kupakua hata mafaili aliyoyalipia ni jambo jingine, na hilo la pili halikuwa na gharama ya umeme wala ya wahandisi wa kukesha.

Katikati ya mambo hayo, Januari 2024, mkuu wa huduma za malipo ya mwezi wa Ubisoft, Philippe Tremblay, alisema kwenye mahojiano kwamba wachezaji watahitaji kuzoea kutomiliki gemu zao, kama walivyozoea kutomiliki sidii na DVD. Kwa haki, alikuwa anazungumzia huduma za kulipia kila mwezi, hakuwa anaitaja The Crew. Lakini kusema hivyo huku kampuni yako imeshatangaza mazishi ya gemu iliyouzwa kwenye boksi, ni kujitafutia.

Je, sababu zinasimama?

Nianze na leseni. Gemu za magari hukodi majina na sura za magari kutoka kwa watengenezaji, na nyimbo za redioni kutoka kwa kampuni za muziki. Mikataba hiyo ina mwisho. Ikiisha, kwa kawaida unapoteza haki ya kuendelea kuuza. Tazama Forza Horizon 4 ya mwaka 2018: iliondolewa madukani tarehe 15 Desemba 2024 kwa sababu hiyo hiyo ya leseni, ila aliyekuwa nayo, awe wa diski au wa kupakua, aliendelea kuicheza. Leseni inaeleza kwa nini The Crew haiuzwi. Kwa nini aliyeinunua zamani hawezi kuliwasha gari lake, hilo leseni haielezi.

Seva ni hoja nzito zaidi. Kuendesha seva ni gharama, na sioni ubaya kampuni kuchoka baada ya miaka tisa. Hakuna aliyeidai Ubisoft iziwashe milele. Kinachogomba ni kwamba gemu ilijengwa tangu mwanzo isiweze kusimama bila seva hizo, kisha muda wa kufunga ulipofika, hakuna aliyeifungulia kamba.

Tunajua inawezekana kwa sababu kuna gemu ya rika lile lile. Driveclub ya Evolution Studios ilitoka Oktoba 2014, kwa PS4 peke yake, nayo ya magari, nayo yenye kupenda mtandao. Iliondolewa dukani tarehe 31 Agosti 2019 na seva zake zikafungwa tarehe 31 Machi 2020, siku na mwezi ule ule uliokuja kuiua The Crew miaka minne baadaye. Leo ukiweka diski ya Driveclub, inacheza. Klabu zimekufa, mashindano ya mtandaoni yamekufa, lakini mbio za mtu mmoja zipo na gari linaondoka. Hapa nao wa diski nawapa onyo dogo: ile mvua ya Driveclub iliyosifiwa kila kona, yenye matone yanayokimbia juu ya kioo kadiri mwendo unavyoongezeka, haikuchapwa kwenye diski za mwanzo. Ililetwa na apdeti, yaani sasisho linaloshushwa mtandaoni, Desemba 2014. Diski yenyewe, bila apdeti, haina mvua.

Maandishi ya nyuma ya boksi

Novemba 2024 wateja wawili wa California waliifungulia Ubisoft kesi kwa niaba yao na ya wengine. Walidai waliaminishwa kuwa wananunua gemu, kumbe wanakodi. Mwanzoni mwa 2025 Ubisoft ilijibu mahakamani kwamba wateja walipewa leseni yenye mipaka, na kwamba boksi lenyewe lilisema hivyo: kampuni inaweza kusitisha huduma moja au zaidi mahususi za mtandaoni kwa taarifa ya siku 30.

Soma sentensi hiyo kama mtu aliyesimama dukani na hela mkononi. Huduma moja au zaidi za mtandaoni. Mtu wa kawaida ataelewa kwamba siku moja mbio za kushindana na wengine zitakoma. Hataelewa kwamba hadithi ya Alex Taylor, anayoicheza peke yake sebuleni, nayo inahesabiwa kuwa huduma ya mtandaoni, na kwamba ikisitishwa hakutabaki chochote. Kwa maoni yangu hapa ndipo Ubisoft ilipo dhaifu zaidi. Onyo lilikuwepo kweli, ila lilionya juu ya chumba kimoja wakati kilichokuwa hatarini ni jengo zima.

Walalamikaji nao waliongeza hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba msimbo wa kuwasha gemu ulioandikwa ndani ya boksi ulionyesha unaisha mwaka 2099. Hoja hii inachekesha kuliko inavyoshawishi, maana watu wa programu wanajulikana kwa kuweka tarehe ya mbali pale mfumo unapodai tarehe. Ya pili ina meno: pesa za ndani ya gemu, ambazo watu walizinunua kwa dola halisi, zifananishwe na kadi za zawadi, na sheria ya California hairuhusu kadi za zawadi kuisha muda.

Jimbo hilo hilo lilitunga sheria nyingine, AB 2426, iliyosainiwa na Gavana Gavin Newsom Septemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Duka la bidhaa za kidijitali haliruhusiwi kumwambia mteja ananunua bila kumweleza waziwazi kwamba anapewa leseni. Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, iliweka tangazo la namna hiyo kwenye malipo yake hata kabla ya Januari. Lakini angalia msamaha uliomo ndani ya sheria: bidhaa ambayo mteja anaweza kuipakua moja kwa moja na kuitumia bila intaneti daima, hiyo haiguswi. Wabunge wa California walichora mstari pale pale ninapouchora mimi. Ndiyo maana gemu iliyopakuliwa kutoka GOG, duka la Poland linalotoa faili la kusakinishia lisilo na kufuli, inaweza kuishi kwenye flashi yako muda mrefu kuliko diski ya The Crew kabatini.

Huku kwetu hesabu ina kipengele kingine

Msomaji wa Dar au Nairobi hataridhika nikiishia hapo, na ana haki. Kwetu diski si pambo la rafu. Ni hela iliyolala. Ukiimaliza unaiuza, au unaibadilisha na ya mwenzako kwa kuongeza kidogo, au unamwazima jirani nawe unaazima yake. Gemu ya kupakua haina soko la mtumba. Ufaransa mahakama moja ya Paris iliwahi kusema, mwaka 2019, kwamba mteja wa Steam ana haki ya kuuza tena gemu yake, lakini mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2022.

Kisha kuna ukubwa wa gemu za siku hizi. Inayozidi GB 100 si ajabu tena, na kwa mtu wa bando hiyo ni bajeti ya familia. Kuna na suala la akaunti: Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika nchi zenye duka rasmi la PlayStation, kwa hiyo wengi wetu tunafungua akaunti kwa anwani ya Afrika Kusini, Uingereza au Marekani na kuilisha kwa kadi za zawadi. Tunacheza, ndiyo, lakini tumesimama kwenye uwanja wa watu. Mei 2024, Sony ilipotaka kuwalazimisha wachezaji wa Helldivers 2 wa PC wawe na akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi 177 kwa sababu akaunti hizo hazipatikani huko rasmi.

Mfano mzuri kuliko yote uko kwenye mabanda ya PS mitaani. Kampuni ya EA, waliotengeneza gemu za mpira za FIFA, na shirikisho la FIFA walipoachana, matoleo ya zamani ya FIFA yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni mwaka 2023. Leo huwezi kwenda dukani kununua FIFA 19 ya kupakua. Ingia bandani: diski yake inazunguka, vijana wawili wamekaa kwenye benchi, pedi zimechakaa vitufe, aliyefungwa anampisha anayesubiri. Mechi ya watu wawili kwenye skrini moja haihitaji seva ya mtu. Kilichokuwa kinaishi kwenye seva ni Ultimate Team, sehemu ya kujenga timu yako mtandaoni, na bandani hakuna aliyekuwa anaicheza. Hapo diski imetimiza kila kitu ambacho wapenzi wake huisifia, kwa sababu gemu iliyomo inajitegemea.

Kwa hiyo anayekusanya asiishie kukagua kava na mikwaruzo. Zima Wi-Fi, weka diski, uone unafika wapi. Kuna kundi la kujitolea liitwalo Does it play? linalofanya majaribio hayo kwa mamia ya diski na kuweka majibu hadharani. Kadi za gemu za Switch 2, mashine ya Nintendo, zinahitaji jicho kali zaidi: nyingine ni kadi za ufunguo tu, gemu haimo ndani, inapakuliwa. Zinauzika na kuazimika, kwa hiyo kwa soko la mtumba ni afadhali kuliko boksi lenye msimbo wa kupakulia tu, lakini siku Nintendo itakapofunga bomba, kitakachobaki ni plastiki. Angalau sehemu ya mbele ya boksi inasema hivyo bila kujificha.

Waliokuja kuifufua

Aprili 2024 Ross Scott, Mmarekani anayeishi Poland na mwenye chaneli ya YouTube iitwayo Accursed Farms, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games. Aliichagua The Crew kwa hesabu: wachezaji wengi, gemu iliyouzwa kama bidhaa, na kampuni ya Ufaransa, nchi yenye sheria kali za kumlinda mlaji. Dai lake ni dogo kuliko linavyosemwa na wapinzani. Kampuni ifunge seva ikitaka, ila iache gemu katika hali ya kuchezeka. Ombi la saini la Umoja wa Ulaya lilivuka milioni moja Julai 2025, na lile la Uingereza likavuka 100,000, likajadiliwa bungeni Novemba mwaka huo. Chama cha kampuni za gemu, Video Games Europe, kilijibu kwamba seva za watu binafsi zina hatari za usalama na za kisheria, na kwamba masharti hayo yangepandisha gharama za kutengeneza gemu. Kwa gemu ya mtandaoni ya watu mia kwa wakati mmoja, hoja hiyo inasikika. Kwa hadithi ya mtu mmoja ndani ya gari, hapana.

Na wenyewe Ubisoft wameidhoofisha. Septemba 2024 waliahidi kuzitengenezea The Crew 2 na The Crew Motorfest namna ya kucheza bila intaneti, na Oktoba 2025 The Crew 2 ikaipata. Jambo lililoonekana mzigo kwa gemu ya kwanza liliwezekana kwa ya pili, baada ya kelele.

The Crew ya kwanza ilifufuliwa na wengine. Mashabiki walichunguza jinsi gemu inavyoongea na seva, wakajenga seva yao, na Septemba 2025 wakatoa The Crew Unlimited. Inafanya kazi kwenye PC. Anayeweza kuitumia ni mwenye mafaili ya gemu, na kwa kuwa Ubisoft ilishafunga njia ya kuyapakua upya kwenye Ubisoft Connect, wenye bahati ni wale ambao hawakuyafuta. Kwa maneno mengine, wa PC aliyeacha folda kubwa ikila nafasi kwenye kompyuta yake leo anaendesha kutoka Miami hadi Los Angeles. Mwenye boksi la PS4, lenye diski safi, bado yuko kwenye skrini ya mwanzo, kwa sababu mashine yake imefungwa isiweze kuelekezwa kwa seva nyingine isipokuwa ile iliyokufa. Wote wawili walilipa. Aliyeokoka aliokolewa na kompyuta iliyomruhusu kugusa mafaili yake mwenyewe.

Wenye diski za The Crew 2 za mwaka 2018, ambazo bei yake ya mtumba ni ya kutupa, wana kazi ya kufanya mapema. Hali mpya ya kucheza bila intaneti haimo kwenye diski hiyo. Inakuja kwa apdeti. Unganisha mashine, shusha apdeti yote, kisha zima Wi-Fi uijaribu ukiwa bado na pa kulalamikia.